Kabla ya Kusifu Kasi, Angalia Kilichofika

Kwa mafundi wa ordinateri wa Goma, Bukavu au Lubumbashi, kuna ahadi ambayo kila mteja ameisikia: toa diski ya zamani, weka SSD, mashine yako itakimbia kama mpya. Mara nyingi ni kweli. Mteja analipa, anawasha, anaona skrini inafunguka haraka, anacheka na kwenda zake. Ni wachache wanaouliza swali la pili: je, kila kitu kilichokuwa ndani kimefika kizima?

Swali hilo ni la zamani kuliko SSD. Wanaolijua vizuri ni watu wenye Commodore 64, ordinateri ya nyumbani iliyotoka Marekani mwaka 1982 na kuuzwa zaidi ya milioni 12 duniani. Kampuni yenyewe ilifilisika mwaka 1994, lakini mashine zake bado zinatunzwa, zaidi huko Ulaya na Marekani, na watu wanaozifungua, kuzisafisha na kuzitengeneza kana kwamba dukani hakuna kitu kingine. Na kazi moja wanayoipenda sana ni kuipa kasi draivu yake ya disketi.

Draivu hiyo inaitwa 1541. Ni sanduku zito, linapata moto haraka, na mwendo wake ni wa kobe. Inasoma disketi laini za inchi 5 na robo, kila upande ukibeba kilobaiti 170 tu. Leo picha moja ya simu haiwezi kuingia humo.

Ubaya hauko kwenye disketi. Uko kwenye njia ya kutoka draivu kwenda ordinateri. Kabla ya Commodore 64 kulikuwa na VIC-20, na ndani yake kulikuwa na chipu iitwayo 6522, yenye sehemu iliyotakiwa kusukuma biti nane mfululizo bila kumshughulisha prosesa. Sehemu hiyo ilikuwa na kasoro. Wahandisi wakaikwepa: programu ikawa inapeleka biti moja moja, kama mtu anayehamisha mchanga kwa kijiko sababu gurudumu la toroli limevunjika. Commodore 64 ilikuja na chipu nyingine iliyo nzuri zaidi, lakini ikaendelea na kijiko kile kile, ili vifaa vya VIC-20 vikubaliane nayo. Tena chipu yake ya picha ilikuwa inamsimamisha prosesa kila mara ili ichore skrini, kwa hiyo ilibidi mazungumzo na draivu yapunguzwe mwendo zaidi. Draivu ya VIC-20 iliitwa 1540. Ile iliyopunguzwa mwendo ndiyo 1541.

Matokeo yake ni baiti karibu 400 kwa sekunde. Programu ya kilobaiti 50 inamaliza dakika mbili na zaidi. Mtoto aliandika amri, akaenda kunywa maji, akasalimia wageni, akarudi na kukuta taa nyekundu ya draivu bado inawaka.

Lakini 1541 yenyewe ni ordinateri kamili. Ina prosesa wake wa aina ya 6502, kumbukumbu ya kilobaiti 2, na programu yake katika ROM ya kilobaiti 16. Ni mashine mbili zinazoongea kwa waya mmoja mwembamba. Hapo ndipo watu walipopata dawa: usiguse mota, usiguse kichwa cha kusomea, zifundishe tu mashine hizo mbili namna nyingine ya kuongea. Mwaka 1984 kampuni ya Epyx ilitoa kifaa cha kuchomeka nyuma, Fast Load. Katikati ya miaka hiyo ya 1980 Mmarekani Mark Fellows akatengeneza JiffyDOS, na hii inaingia ndani zaidi: chipu ya ROM inabadilishwa kwenye ordinateri, na nyingine inabadilishwa kwenye draivu.

Sasa chukua mwenye mashine mmoja, awe wa popote, aliyeachiwa na baba yake sanduku la disketi. Humo mna michezo, ndiyo, lakini mna pia barua, hesabu za duka, mashairi ambayo hayakuchapwa kwenye karatasi. Hakuna nakala nyingine. Amenunua chipu mbili za JiffyDOS na bisibisi iko mkononi. Je, anapimaje kama alichonunua kinafaa?

Jambo la kwanza halihusu kasi. Linahusu kurant. Kifaa cha umeme cha asili cha Commodore 64 kina sifa mbaya: kikizeeka, volti 5 zinaweza kupanda na kuunguza chipu za kumbukumbu. Nyumba nyingi za Kongo zinaijua habari hii, umeme ukirudi kwa nguvu na televizheni ikafa. Kwa hiyo kipimo cha volti kinatangulia bisibisi.

Pili, disketi za baba hazigusi draivu siku hiyo. Jaribio linafanywa kwa disketi isiyo na thamani. Na zile za thamani, zikifika zamu yake, kile kipengele cha pembeni kinazibwa kwa karatasi ya gundi, maana kikizibwa draivu inakataa kuandika juu yake. Kazi ya nukta moja hiyo, na haina gharama.

Halafu saa. Commodore 64 ina saa yake ndani, inasomwa kwa BASIC kwa jina TI$. Mtu anayetaka kuonyesha ujuzi ataandika programu ndogo: shika saa, pakia faili, shika saa tena, toa. Majibu yatakuwa ya uongo. Saa hiyo inaendeshwa na mishtuko 60 kwa sekunde inayomkatiza prosesa, na mashine inapoongea na draivu huwa inafunga mlango ili isikatizwe. Mishtuko inapotea, saa inachelewa. Anayepimwa hawezi kushika saa ya kujipimia. Simu ya mkononi inatosha, au saa ya ukutani.

Anapima kwanza kabla ya kubadilisha chochote: faili ile ile, disketi ile ile, mara tatu, anaandika kwenye daftari. Kisha anabadilisha chipu na kupima tena mara tatu. Atafurahi. Zile dakika mbili zitakuwa kama sekunde 20.

Mbona 20, mbona si 5? Hapa penseli inasaidia. Disketi haizunguki haraka zaidi kuliko jana. Ni mizunguko 300 kwa dakika, yaani 5 kwa sekunde, chipu mpya au ya zamani. Njia za nje za disketi zina sekta 21, na 1541 ikiandika faili inaruka: sekta moja, kisha ya kumi baada yake. Iliachiwa nafasi hiyo ili draivu ya polepole ipate muda wa kupumua. Basi kila mzunguko unatoa sekta mbili hivi, kila sekta baiti 254 za faili. Mara 5, ni baiti 2,540 kwa sekunde. Kilobaiti 50 zinahitaji sekunde 20. Faili hiyo hiyo ikiandikwa upya kwa kuruka kidogo zaidi, mwendo unaongezeka tena bila chipu nyingine yoyote. Kwa hiyo watu wawili wenye chipu moja wanaweza kubishana hadi jioni, mmoja akisema mara sita, mwingine mara kumi, na wote wakawa wakweli. Anayetangaza kasi bila kusema disketi iliandikwaje ametangaza nusu ya habari.

Na kasi hii haifiki kote. Michezo mingi ililetwa na programu yake ya kupakia, haipiti kwa ROM kabisa; kwa hiyo chipu mpya haiisaidii kitu, na mingine inagoma kufunguka. Tena ROM ya ordinateri, ile iitwayo Kernal, ina kilobaiti 8 tu. Ili JiffyDOS ipate mahali pa kukaa, programu ya kaseti iliondolewa. Mwenye kaseti za zamani ataandika LOAD na kungoja bure. Ndiyo sababu chipu hizo huwekwa pamoja na swichi ndogo ya kurudi kwenye ROM ya asili. Kuna wanaoona swichi hiyo inaharibu sura ya mashine na wanaiacha. Wanakosea, swichi ile ni nusu ya thamani ya kitu chenyewe.

Maana kwa swichi hiyo jaribio kubwa linawezekana. Faili inaandikwa kwenye disketi tupu kwa njia mpya, ya haraka. Mashine inazimwa. Swichi inarudishwa kwa ROM ya zamani, mashine inawashwa, na faili ile ile inasomwa polepole, baiti 400 kwa sekunde, kisha inalinganishwa na nakala ya kwanza. Zikilingana, chipu mpya imeandika ukweli. Njia mpya ikijikagua yenyewe, haijakaguliwa. Na wakati wa jaribio hilo, mtu asitumie ile amri ya kuandika juu ya faili ya zamani kwa alama ya @. 1541 ina kasoro ya kweli hapo, iliyokwisha kuharibu faili za watu, na haifai ilaumiwe chipu isiyohusika.

Waandishi wa redio wa mashariki mwa Kongo hawatashangaa. Sauti ya dakika tatu inatumwa kwa intaneti ya kuvizia, alama inaonyesha imekwenda, na studio wanapiga simu: mahojiano yamekatika katikati ya neno la mama aliyekuwa anahojiwa. Alama ya kijani ilikuwa imesema tu kwamba kazi imekwisha.

Baada ya haya yote ndipo sanduku la baba linafunguliwa. Disketi moja moja, kipengele kimezibwa, na hakuna mchezo wowote kwanza: kila moja inanakiliwa nzima, sekta zote 683, baiti 174,848, hadi kwenye ordinateri ya kisasa. Kasi inaanza kuwa na faida ya kweli hapa, kwa sababu disketi ya miaka 40 haipendi kuzungushwa muda mrefu. Vumbi lake la sumaku linaweza kukwaruzwa na kichwa, na kila dakika isiyo ya lazima ni hatari. Nyingine zitasomeka mpaka mwisho. Nyingine zitafika katikati, kichwa kitagonga kile kishindo chake cha tak-tak-tak kinachojulikana na kila aliyekuwa na 1541, taa itaanza kumetameta, na draivu ikiulizwa itajibu namba 23: hesabu ya sekta haikubaliani na kilichomo.

Disketi hiyo inawekwa kando, inaandikwa tarehe na namba ya sekta kwa kalamu laini kwenye bahasha yake, si juu ya disketi yenyewe. Kesho, kichwa cha draivu kikisafishwa, itajaribiwa mara moja tena.