Jioni ile redio iliponyamaza

Wasikilizaji wetu, hasa ninyi mliokuwa kambini Bulengo, bado mnaniuliza kwa nini jioni moja ya Februari 2024 matangazo ya kutafuta ndugu hayakutoka saa kumi na mbili. Wengine walisema tumenyamazishwa. Ukweli ni kwamba kosa lilikuwa langu, na lilianzia kwenye kompyuta.

Siku zile watu wa Sake walikuwa wakiingia Goma na magodoro kichwani. Mama mmoja alikuwa ameketi studioni, akisubiri kutaja jina la mtoto wake wa miaka saba, waliyepotezana njiani huko Mubambiro. Saa kumi na moja na nusu kadi ya sauti ikakataa. Redio yetu ni ndogo: maikrofoni, muziki, hata sauti za simu, vyote hupita kwenye kijisanduku hicho na kuingia katika kompyuta ya zamani inayotumia Linux.

Tukabadilisha waya, tukabadilisha tundu la USB. Mwenzangu akaanza kutafuta CD ya piloti, yaani ile programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuelewana na chombo kilichochomekwa. Kwa Linux kutafuta CD ni kupoteza muda mara nyingi, maana piloti nyingi huja ndani ya mfumo wenyewe.

Nikaandika lsusb. Jina la kadi likaonekana, kwa hiyo waya ulikuwa mzima. Nikaandika cat /proc/asound/cards, kompyuta ikajibu kwamba haina kadi yoyote ya sauti. Kumbe ilikiona chombo lakini haikujua kukitumia. Nikaiita piloti kwa jina lake, sudo modprobe snd-usb-audio, nikaambiwa haimo kwenye folda ya mfumo.

Hapo jasho likanitoka, maana nilikumbuka. Mchana nilikuwa nimeanza kusasisha mfumo, nikitaka kutumia mega zangu kabla hazijaisha muda, umeme ukakatika katikati. Kompyuta ilipowaka tena, ilishika kiini kipya cha mfumo ambacho piloti zake hazikuwa zimekamilika.

Mama akaniuliza, "Mwanangu, nirudi kesho?"

Sikumjibu. Nilizima, nikawasha huku nimeshikilia Shift mpaka orodha ikatokea, nikachagua kiini cha zamani. Linux huwa haikifuti mara moja, na sijui ningefanya nini kama ingekifuta. Kadi ikawaka taa. Saa moja na dakika ishirini tulikuwa hewani, na mama akataja jina la mwanawe mara tatu, pamoja na rangi ya shati.

Simu ya kwanza, kutoka Ndosho, ilikuwa ya mtoto mwingine kabisa. Naye tukamtangaza. Wa yule mama alipatikana siku ya tatu, Mugunga, kwa familia iliyokuwa imempa chakula na mahali pa kulala.