Kisanduku cha 18

Jumatatu, 6 Machi 2023

Dai langu la kifua kwa idara ya maveterani limerudi, limekataliwa. Hakuna uthibitisho kwamba nilihudumu Afghanistan. Nimeisoma barua nimesimama mlangoni, mikono bado ina grisi.

Nimeitoa DD-214, karatasi ya kutoka jeshini, kwenye bahasha yake. Niliingia 2010, nikatoka 2014, kwa heshima. Sawa. Kisanduku 12f, huduma nje ya nchi: miaka sifuri, miezi sifuri, siku sifuri. Kisanduku cha 18, maelezo: hakuna Bagram, kambi yetu kule Afghanistan. Kumbe mwaka ule wote nilikuwa Texas nafungua boliti!

Kinachoniudhi ni wepesi wa sheria yenyewe. PACT, ya 2022: uliyekuwa Afghanistan, ukapata pumu baadaye, huulizwi moshi wa mashimo ya taka ulikuingiaje. Kuwa kule kunatosha. Na hicho ndicho nisichokuwa nacho, kuwa kule.

Siku ya kutoka nilimwonyesha karani. Nilimwekea kidole pale pale. Akasema itajazwa baadaye. Haya, baadaye yenyewe ndiyo hii, miaka tisa.

Alhamisi, 9 Machi

Ofisi ya maveterani ya kaunti. Foleni, kahawa chungu. Kando yangu mzee wa vita vya Korea, kofia imejaa beji, hasikii vizuri kwa hiyo anaongea na chumba kizima. Faili lake liliungua St. Louis, kwenye ghala la kumbukumbu za jeshi, moto wa 12 Julai 1973. Nilidhani anatia chumvi. Yule mama wa dirishani akasema ni kweli: mafaili kati ya milioni 16 na 18, na katika yale ya askari wa nchi kavu waliotoka kati ya 1912 na 1960, asilimia 80 yalikwenda. Hapakuwa na nakala. Hata orodha ya yaliyokuwamo haikuwapo.

"Sasa wewe walikupataje?" nikamuuliza mzee.

Vocha ya malipo ya mwisho. Jeshi halikuwa na habari zake tena, mhasibu alikuwa nazo. Akanigonga goti. Medali ziache kwanza, kijana, tafuta karatasi za mshahara.

Faili langu mimi halikuungua. Limo kwenye kompyuta, zima, na kosa lake. Sijui nani ana nafuu.

Usiku huohuo

Nimezipata karatasi za mshahara! Kila mwezi wa Bagram: dola 225, malipo ya eneo la hatari. Na kodi ya mapato haikukatwa, maana ni eneo la vita. Serikali hiyohiyo iliyonilipa kwa kuwa vitani ndiyo inayoniambia sikwenda. Nimecheka peke yangu jikoni mpaka kikohozi kikanishika.

Jumapili, 12 Machi

Saa zimesogezwa mbele usiku, nikampigia mama nikamkuta bado hajaswali adhuhuri. Nikamweleza. Kimya kidogo, kisha akamtaja babu. Alikuwa Keya, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, Burma, 1944. Cheti chake cha kutoka jeshini kiliandikwa jina alivyolisikia karani, na babu akaliacha hivyo. Akaitwa hivyo kwenye kodi, kwenye shamba, mpaka leo wajukuu wa upande ule wanalitumia.

"Na yeye aliishi, mwanangu."

Aliishi, ndiyo. Lakini mama, babu hakuwa anadai dawa ya kifua.

Sikumjibu hivyo. Nilisema ndiyo mama, shikamoo kwa shangazi.

Jumanne, 28 Machi

Saumu, midomo imekauka, kichwa chepesi. Siku nzuri ya kujaza fomu kumbe, hakuna chai ya kuinukia.

Nilitaka kwenda moja kwa moja kwenye bodi ya kusahihisha kumbukumbu za jeshi, fomu 149. Watu watatu, raia, wanakaa na faili lako wanaamua. Bodi hizi zimetokana na sheria ya 1946. Kabla ya hapo askari mwenye kosa kwenye karatasi alihitaji Bunge la Marekani limtungie sheria yake peke yake! Lakini bodi inataka uwe umegonga kwanza milango mingine, na sheria inaipa miezi 10 kwa maombi mengi, 18 ukomo. Kifua hakina miezi 18. Hili ni kosa la karani, si ugomvi wa heshima ya mtu. Kwa hiyo ofisi ya kumbukumbu kwanza, niombe DD-215, ile karatasi ya masahihisho.

Bahasha: amri ya safari, karatasi za mshahara, ripoti yangu ya utendaji iliyotaja Bagram waziwazi, na barua ya sajini wangu. Ameandika nilivyokuwa nakohoa usiku hadi watu wakinirushia viatu. Kweli kabisa. Na ameongeza, hakuna aliyemwomba, kwamba nilikuwa nazitukana injini kwa Kiswahili. Jeshi lilinichukua kwa sababu ya lugha, kwenye mpango wa kuandikisha wageni wenye lugha zilizohitajika, Kiswahili kilikuwa kwenye orodha. Walichopata ni hicho.

Imeondoka kwa posta ya rejesta. Risiti imo ndani ya msahafu, huko haipotei.

Ijumaa, 16 Juni

Imekuja. DD-215, ukurasa mmoja tu.

Kisanduku cha 18: huduma Afghanistan, tarehe ya kwenda na ya kurudi, zote sahihi. 12f imejazwa. Nimempigia mama, akapiga kigelegele hadi simu ikakwaruza.

Medali ya Afghanistan imo pia, ila bila nyota yake ya shaba. Ah, jamani.

Haiifuti ile ya zamani. Zitatembea pamoja, mtu akiomba moja anapewa mbili. Dai nimelituma upya jioni hii na nakala za zote mbili. Jumatatu ni Juneteenth, ofisi zimefungwa. Nyota nitaidai Jumanne.