Orodha ya Wanaongoja

Mwanamke wa uswahilini anaijua kazi ya kungoja kuliko kazi nyingine yoyote. Anangoja maji yatoke bombani, anangoja zamu yake kliniki, anangoja mume arudi kutoka kibaruani. Wali ukiiva anaufunika, anangoja. Mimi nimekulia Mbagala na nimewaona mama zangu wakingoja tangu nilipoanza kuwa na akili. Kitu ambacho sikuwahi kukiona ni watu kuwangoja wao. Nani alipata kukaa macho usiku akasema, "Silali mie, nawangoja wanawake"?

Basi msomaji wangu, ninakusimulia habari ya siku nne za mwezi wa Julai mwaka 2025, tangu Jumanne usiku tarehe 22 mpaka Jumamosi tarehe 26. Katika siku hizo nne, mtaani kwetu, walikuwepo watu waliowangoja wanawake. Hawakuwa wengi. Ila walikuwepo, na majina yao ninayo kwenye karatasi.

Kwanza tuelewane kuhusu mashindano yenyewe. Kombe la Mataifa ya Afrika la wanawake liliitwa la mwaka 2024, lakini likachezwa Morocco mwaka 2025. Hata kombe lenyewe lilingojeshwa! Timu 12 zilikwenda huko, na Twiga Stars yetu ikiwemo. Ilikuwa mara yao ya pili. Mara ya kwanza ilikuwa mwaka 2010 kule Afrika Kusini, wakafungwa mechi zote tatu na kurudi nyumbani. Hesabu mwenyewe: ni miaka 15. Mdogo wangu wa kike, ambaye ni beki wa kati katika timu ya wasichana ya kiwanja chetu cha vumbi, alizaliwa mwaka huohuo 2010. Umri wake wote, Twiga walikuwa wakingoja kurudi.

Safari hii Mali walitufunga 1–0. Tarehe 11 tukatoka sare ya 1–1 na Afrika Kusini, ambao ndio walikuwa mabingwa watetezi, bao letu akilifunga Opa Clement aliyepata kuichezea Simba Queens. Kisha Ghana wakatupiga 4–1, tukafunga virago. Pointi moja tu, lakini ndiyo pointi ya kwanza Twiga kuipata katika fainali hizo. Pale kijiweni washikaji walicheka mpaka wakashika mbavu. Pointi moja ndio kitu gani? Mdogo wangu hakujibizana nao. Aliingia chumbani kwetu, akachukua chaki, akaandika nyuma ya mlango: 1. Hakuongeza neno. Mpaka leo ipo.

Sasa timu yetu ikawa imetoka, na hapo ndipo maswali yalipoanza. "Nyie mnangoja nini tena?" washikaji waliuliza. "Wiki ijayo CHAN inaanza, kwa Mkapa. Huo ndio mpira." Kweli, tarehe 2 Agosti CHAN ilikuwa inafunguliwa hapahapa Dar es Salaam, na mimi pia nilikuwa nikiingoja kwa hamu. Lakini jamani! Hawa ni watu wanaokesha kwa ajili ya timu ya London ambayo haina Mtanzania hata wa kufua jezi. Mbona huko hawajiulizi wanangoja nini?

Jumanne ile ya nusu fainali ndiyo iliyotuwasha moto. Nigeria na Afrika Kusini walikuwa 1–1, dakika 90 zimekwisha, kila mtu anahesabu muda wa nyongeza. Dakika ya 94 Michelle Alozie akapiga mpira mrefu kutoka mbali, ukampita kila mtu, huyo wavuni! Huyo Alozie ni beki, tena ni msomi wa biolojia wa Chuo Kikuu cha Yale kule Marekani. Mdogo wangu aliposikia hivyo alinitazama kama mtu aliyepata shahidi mahakamani, maana nyumbani kwetu dingi ana msemo wake kwamba mtu huchagua, ama mpira ama shule. Usiku uleule Morocco na Ghana wakatoka 1–1, na Morocco wakashinda kwa penalti 4–2. Fainali ikawa Nigeria na Morocco, pale Rabat, Jumamosi, saa tano usiku kwa saa zetu.

Na hii haikuwa fainali ya hivi hivi. Mwaka 2022, palepale Rabat, timu hizi mbili zilikutana kwenye nusu fainali. Nigeria walitolewa wachezaji wawili kwa kadi nyekundu, mmoja wao Rasheedat Ajibade, wakabaki tisa, wakavumilia mpaka penalti, wakafa. Morocco wakaingia fainali wakiwa na uwanja wao na mashabiki wao, wakafungwa na Afrika Kusini 2–1. Kwa hiyo wote wawili walikuwa wamengoja miaka mitatu. Safari hii Ajibade ndiye aliyekuwa nahodha wa Nigeria. Timu yake ilikuwa imeingia fainali mara tisa tangu mwaka 1998 na kuchukua kombe mara zote tisa, nao wakaipa safari ya kumi jina la Mission X, ile X ikiwa ni kumi ya Kirumi. Upande wa pili, nahodha wa Morocco, Ghizlane Chebbak, ni binti wa Larbi Chebbak, aliyekuwemo katika timu ya Morocco iliyochukua Kombe la Afrika mwaka 1976. Tulipolijua hilo, mdogo wangu alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Kumbe baba anaweza kumwachia binti mpira kama anavyomwachia kiwanja."

Unaona, msomaji? Hii ni riwaya nzima. Kuna kisasi, kuna urithi, kuna mji mmoja unaotaka kujifuta machozi. Lakini pa kuitazama hapakuwepo. Nyumbani kwetu king'amuzi kilikuwa kimekatika tangu Mei. Mahali palipobaki ni kibanda umiza.

Jumatano jioni nikamwendea mwenye kibanda. Sikumkuta na ubaya wowote, alikuwa mtu wa hesabu tu.

"Dada yangu," aliniambia, "saa tano usiku, mpira wa akina dada, nani atakuja? Umeme nalipa, kifurushi nalipa. Mimi Jumamosi naweka picha la mateke."

"Ukipata watu wangapi utaonyesha?"

Akafikiri. "Ishirini. Mia tano mia tano. Na majina niyaone kabla ya Jumamosi saa kumi jioni."

Mimi kibarua changu ni steshenari, nachapa barua za watu na kutoa fotokopi, na mteja asipokuwepo ninaendelea na riwaya yangu kwenye kaunta buku. Kesho yake asubuhi nikachapa karatasi moja yenye mistari ishirini, juu yake nikaweka kwa herufi kubwa: ORODHA YA WANAOINGOJA FAINALI. Nikaandika jina langu, nikaandika la mdogo wangu. Ikabaki mistari kumi na nane.

Wasichana wa timu yao wako kumi na mmoja na wa akiba, ungedhani kazi imekwisha. Lakini wapi! Binti wa miaka kumi na tano hatoki nyumbani saa tano usiku. Akitoka, kesho jina lake linatembea mtaa mzima kabla yeye hajaamka. Mvulana wa umri huohuo atarudi saa nane, atafunguliwa mlango na kuulizwa matokeo. Hapo nikaelewa kwamba sikuwa natafuta watazamaji, nilikuwa natafuta wazazi. Ikanibidi nipite nyumba kwa nyumba.

Wa kwanza kumwendea alikuwa mama muuza vitumbua wa pale kona, ambaye binti yake ndiye kipa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hujaja kununua wewe, umekuja na karatasi."

Nikamweleza. Akaniangalia huku akigeuza vitumbua. "Mimi saa tisa usiku naamka kupiga unga wangu. Huo mpira unaisha saa ngapi?"

"Saa saba kasoro, mama."

"Basi sitalala, nitaunganisha." Akajifuta mikono kwenye khanga, akachukua kalamu, akaandika jina lake polepole, na la binti yake chini yake. Halafu akasema neno ambalo tangu siku ile linanizunguka kichwani: "Nimewahi kukesha kwa ajili ya msiba, na kwa mtoto mgonjwa, na kwa mwanamume aliyechelewa kurudi. Kwa ajili ya kuwatazama wanawake wenzangu sijawahi."

Baada ya jina lake mambo yakawa mepesi kidogo. Mama mmoja akikubali, wa pili anasema kama fulani yupo na mimi nipo. Ijumaa magharibi tulikuwa kumi na wawili. Jumamosi mchana kumi na saba, na mwenye kibanda alishaanza kuangalia saa yake.

Kwa dingi wetu nilimwacha mdogo wangu aende mwenyewe. Mimi nilikuwa uani naanua nguo, nasikia.

"Baba, naomba ruhusa leo usiku niende kutazama fainali."

"Mtarudi na nani?"

"Na wamama."

Kimya. Redio ikapunguzwa sauti. "Wamama gani hao wanaotazama mpira usiku?" Akaomba kuiona karatasi. Akaisoma kutoka juu mpaka chini kama mkataba wa nyumba. Kisha akauliza kalamu iko wapi. Alijiandika namba kumi na nane, akasema anakwenda kutulinda. Mama yangu akaweka lake la kumi na tisa, na yule wa ishirini alikuwa mshikaji mmoja wa kijiweni, mmoja wa waliocheka pointi moja. Alisema eti hana usingizi.

Saa nne na nusu usiku mabenchi yalikuwa yamejaa, na wengine walikuja bila kuandikwa. Ile nusu saa ndiyo ninayoikumbuka kuliko mpira wenyewe. Wamama walikaa na khanga mabegani, kuna aliyeleta kahawa na kashata, kuna aliyeuliza yule mwenye kitambaa cha unahodha ameolewa au bado, akajibiwa haituhusu. Wasichana walibishana mpaka mishipa ikawatoka. Hata dingi, mlinzi wetu, alikuwa ameshaanza kumweleza jirani yake namna beki anavyopaswa kusimama. Timu zilipotokea mlangoni kuingia uwanjani, na uwanja wa Rabat ukapiga kelele, mama wa vitumbua alisema taratibu, "Watu wote wale wamewangoja hawa?"

Ndiyo mama. Wote wale.

Mpira wenyewe unaujua, au umeusikia. Chebbak alifunga dakika ya 12, Sanaa Mssoudy dakika ya 24, Morocco wakaenda mapumziko wakiongoza 2–0. Dingi akatangaza kwamba Wanaijeria wamekwisha. "Bado, Baba," mdogo wangu akasema, "ngoja." Dakika ya 64 Esther Okoronkwo akafunga penalti. Dakika ya 71 Folashade Ijamilusi akasawazisha. Dakika ya 88 Jennifer Echegini akamaliza kazi, na kibanda nusura kianguke. Matokeo 3–2, kombe la kumi. Walikuwepo waliowalilia Morocco, na mimi nilikuwa mmojawapo, maana kufungwa nyumbani fainali mbili mfululizo si jambo dogo.

Tulirudi kwa kundi, wamama mbele, taa za simu zikimulika madimbwi. Karibu na nyumbani, dingi alipunguza mwendo mpaka akawa sambamba na mdogo wangu. "Hivi wewe," alimuuliza, "unacheza nafasi gani?" Mwaka wa tatu huo mtoto anacheza, na lile lilikuwa swali la kwanza.

"Beki wa kati, Baba."

"Aha," alisema. Hatua kadhaa mbele akaongeza, "Beki wa kati asikimbilie mpira. Ausubiri."

Nawageukia wenzangu tunaoandika na kupokezana kaunta buku zetu. Katika hadithi nyingi tunazoazimana, mwanamke ndiye anayekaa dirishani, na mwanamume ndiye anayekuja au asiyekuja. Tumeisoma sana hadithi hiyo. Mimi nataka kuiona iliyogeuzwa: umati umekaa, saa haziendi, na anayengojwa ni binti aliye mlangoni mwa uwanja anafunga kamba za viatu. Anayengojwa ndiye anayehesabiwa. Mama wa vitumbua aliliona hilo kabla yangu, na yeye hajaandika riwaya.

Jumapili mchana nilipita mbele ya kibanda umiza nikielekea sokoni. Kule Basel, Uswisi, jioni ile kulikuwa na fainali nyingine ya wanawake, ya Ulaya. Sikuwa nimemwambia mwenye kibanda, wala sikuwa na karatasi. Lakini kwenye ubao, kwa chaki, kwa mwandiko wake mbaya, alikuwa ameshaandika: UINGEREZA – HISPANIA, WANAWAKE, SAA 1 USIKU, 500/=. WAHINI NAFASI.