Mkono wa Mwuguzaji

Mgonjwa aletwaye hospitali Mpanda, makao makuu ya Mkoa wa Katavi tangu mwaka 2012, aghalabu haji peke yake. Nyuma yake yuko mama, dada au shangazi, mwenye sufuria ya uji na ndoo ya maji. Huyo ndiye amlishaye, amwoshaye na kumfulia nguo zilizochafuka. Akiombwa amwinue mgonjwa wa kitanda cha pili hakatai, maana kukataa ni utovu wa utu. Lakini mkono ule ule wa huruma waweza kuchukua maradhi ya kuhara toka kitanda hata kitanda.

Mwaka 1847, katika mji wa Vienna, mganga Ignaz Semmelweis aliwaamuru wanafunzi waliotoka kupasua maiti wanawe kwa maji ya klorini kabla ya kuwashika wanawake wajifunguao. Vifo vya homa ya uzazi vikapungua sana. Waganga wengi walichukizwa. Nani apendaye kuambiwa kuwa mkono wake umeua?

Hatari haikuisha. Marburg ilipozuka Kagera mwaka 2023, mhudumu wa afya alikuwa miongoni mwa waliokufa. Wahudumu siku hizi wana nyakati 5 za kunawa, tangu kabla ya kumgusa mgonjwa hata baada ya kugusa vitu vilivyo karibu naye. Nyakati hizo ziliandikwa kwa ajili yao. Shangazi mwenye ndoo hakutajwa.

Naye wakati wa kiangazi huyagawa maji yake kwa kikombe: haya ya uji, haya ya kumwoshea mgonjwa. Ya mikono huwa ya mwisho, kama yamesalia.