Udongo wa Nyuma ya Nyumba

Mengo ya Kampala ninayoikumbuka, ya mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilikuwa kilima cha migomba. Ukishuka kutoka Namirembe kuelekea ukuta wa Lubiri, ikulu ya mfalme wa Buganda, ulichoona ni mabati tu, nyumba zenyewe zimezama ndani ya majani. Ikulu ilikuwa mikononi mwa wanajeshi tangu iliposhambuliwa Mei 1966 na Kabaka Mutesa wa Pili akakimbilia Uingereza, na sisi watoto tulikatazwa kucheza karibu na ukuta ule. Tukakulia nyuma ya nyumba, na nyuma ya nyumba kulikuwa shamba.

Baba alikuwa mtu wa reli, amehamishiwa Kampala kutoka Mombasa. Mama alimfuata na mbegu za bamia na mchicha zimefungwa katika pindo la leso. Kwao alizoea masika na vuli. Hapa napo alikuta misimu miwili ya mvua, ttoggo ya Machi hadi Mei na ddumbi ya Septemba hadi Novemba. Kilichomshinda ni kiangazi cha katikati, Juni na Julai, kinapoukausha udongo mwekundu wa kilimani mpaka ukapasuka. Aliyemfundisha kukivuka ni jirani yetu, bibi wa Kiganda tuliyemwita Jjajja na kumwamkia kwa kupiga magoti.

Kwa Jjajja hakuna kilichotoka nje ya ua. Maganda ya matoke aliyamwaga chini ya migomba na pembeni mwa matuta ya mboga. Majivu ya jikoni aliyanyunyiza juu ya majani yaliyoingiwa na wadudu. Majani makavu ya mgomba aliyatandaza juu ya tuta zima, mazito kama godoro. Siku moja ya Julai, saa sita mchana, alinishika mkono akaniambia niyafunue nipapase. Juu jua lilikuwa likiunguza. Chini ya yale majani udongo ulikuwa baridi, mweusi, una unyevu, na nyungunyungu wakiukimbia mwanga. Akasema udongo nao hula, na usipolishwa hukonda.

Mboga yake kuu ilikuwa nakati. Aliacha miche michache isichumwe hadi izae vitunda na vitunda viive vyekundu, akaviponda, akaosha mbegu, akazichanganya na majivu na kuzianika kivulini. Majani aliyafunga ndani ya jani la mgomba na kuyaweka juu ya matoke, yaive kwa mvuke uleule. Mama akajifunza kupika hivyo, naye Jjajja akajifunza kutia tui la nazi kwenye mchicha, kila tulipoletewa nazi kutoka Pwani.

Mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza Waasia, maduka yalifungwa, na muda si mrefu sukari, chumvi na sabuni vikawa vitu vya foleni au vya magendo. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na reli ikagawanywa pamoja nayo. Baba alichagua kubaki. Mshahara wake ulikuwa haununui kitu, lakini sikumbuki siku tuliyolala bila mboga. Julai, wakati wa ukame, Jjajja alipitisha nakati juu ya ua wa miti bila kuhesabu, nasi tukampitishia bamia.

Amani iliporudi, mji ulipanda kilimani. Ufalme wa Buganda ulirejeshwa mwaka 1993, Mengo ikachangamka, na viwanja vikapanda thamani. Jjajja alikwisha kufa. Wajukuu wakagawana kibanja chake, migomba ikakatwa, vikajengwa vyumba vya kupangisha. Ua wa miti ukawa ukuta wa matofali. Kwetu pia uwanja ulimwagiwa zege ili magari yaegeshwe. Jambo lililobadilika kimyakimya zaidi lilikuwa njia ya maganda: yakaanza kutiwa mifukoni na kupakiwa kwenye lori la taka, yakapelekwa Kiteezi, jalala la jiji lililofunguliwa mwaka 1996. Nasi tukawa tunanunua nakati katika soko la Owino, mafungu ya mboga zilizolimwa mabondeni, hatujui zimemwagiliwa maji gani.

Mwishoni mwa Machi 2020, wakati wa korona, usafiri wa umma ulisimamishwa, na wauza chakula wakaamriwa walale hukohuko sokoni. Nikatafuta magunia. Unasimamisha kopo lisilo na kitako katikati ya gunia, unalijaza kokoto, unazungushia udongo uliochanganywa na samadi, kisha unalivuta kopo juu na kujaza tena, mpaka gunia zima lipate mkondo wa kokoto wa kupitishia maji. Ubavuni unatoboa matundu na kupachika miche ya sukuma wiki. Udongo nilinunua mara ile ya kwanza tu. Baadaye nilianza kuozesha maganda katika pipa, nikiyachanganya na majani makavu na majivu.

Tarehe 10 Agosti 2024 mlima wa taka wa Kiteezi uliporomoka juu ya nyumba za watu, ukaua zaidi ya 30. Niliposikia habari ile niliwafikiria waliofukiwa, kisha nikafikiria ule mlima ulijengwa na nini. Sehemu kubwa ya taka za jikoni za Kampala ni maganda ya matoke. Kile kilichokuwa chakula cha mashamba yetu tulikirundika mbali, juu ya vichwa vya wenzetu.

Tangu hapo wapangaji wa jirani huniletea ndoo zao za maganda kila jioni. Sasa ni Julai, mvua hakuna, na magunia yangu yanamwagiliwa maji ya kuoshea mchele. Nakati imeshika vizuri, na wanaoleta maganda huondoka na mboga. Mmoja wao, binti kutoka Masaka, ameomba mbegu, nami nimemwonyesha namna ya kuziosha na kuzianika.

Migomba ya Mengo hairudi, na simlaumu aliyejenga, kwa kuwa watu lazima walale mahali. Lakini udongo mweusi wa Jjajja haukushuka naye kaburini. Hutengenezwa kwa kile tunachokishika kila siku tukimenya ndizi, na hata mwenye chumba kimoja na kibaraza anaweza kuanza na ndoo ya leo.