Kifungio Kinachojifunga na Mtu Anayejifunga

Miongoni mwa vitenzi vya Kiswahili vilivyobeba mizigo mingi ya maana ni kitenzi funga. Mtu hufunga mlango, hufunga mzigo, hufunga ndoa, hufunga Ramadhani na hufunga safari. Mshambuliaji hufunga bao, na hakimu humfunga mhalifu. Kitenzi hiki kinaponyambuliwa, kila kiambishi hubadilisha uhusiano uliopo baina ya mtendaji na tendo lenyewe: fungwa, fungika, fungana, fungamana, fungua. Sisi wanafunzi wa Kiswahili hufunzwa mnyambuliko huu tangu shule ya upili, tukaukariri kwa ajili ya mtihani na kuuacha hapo. Katika insha hii ninanuia kueleza jinsi nilivyouelewa upya mahali ambapo wengi hawangetarajia, yaani kwenye theluji ya jimbo la Wisconsin nchini Marekani, nilipohitajika kuchagua kifungio cha skii.

Nilikaa katika mji wa Madison kwa mwaka mmoja wa masomo nikiwa msaidizi wa kufundisha Kiswahili, lugha ambayo chuo kikuu cha huko kimeifundisha kwa miongo mingi. Mji huo umejengwa baina ya maziwa mawili, Mendota na Monona. Ifikapo Januari maziwa hayo huganda, watu wakatembea juu ya maji kama watembeao uwanjani. Theluji hufunika njia na viwanja, na mgeni asiye na namna ya kwenda juu yake hujikuta mateka wa chumba chake kwa miezi mitatu au zaidi. Wenyeji wana dawa yao ya kale: huvaa mbao mbili ndefu nyembamba miguuni, wakashika fimbo mbili mikononi, wakateleza hadi watakako. Mbao hizo ndizo skii.

Ni muhimu tutofautishe aina mbili za mchezo huu. Iko skii ya kuteremka milima, ambayo kiatu chake hubanwa mbele na nyuma, na iko ile ya kwenda masafa katika tambarare, misitu na vilima. Maadamu sisi Wakenya tuna msamiati wa mbio za nyika, nitaiita hii ya pili skii ya nyika. Katika skii ya nyika, ncha ya kiatu pekee ndiyo inayoshikwa. Kisigino ki huru, nacho huinuka na kushuka kila hatua, mithili ya kisigino cha mwanariadha. Aidha, kifungio cha skii ya nyika kwa kawaida hakikuachilii unapoanguka, tofauti na kile cha kuteremkia milima. Ukianguka, unaanguka na mbao zako. Ukiinuka, unainuka nazo. Kwa hivyo kifaa hicho kidogo mbele ya vidole vya mguu si jambo la kupuuzwa. Safari nzima inakitegemea.

Kifaa hiki kina historia yake. Mnamo mwaka wa 1927, Mnorwe aitwaye Bror With alibuni kifungio cha chuma kilichobana ukingo wa soli ya kiatu mbele, kikiwa na pini za kuingia katika matundu ya soli hiyo. Kiliitwa Rottefella, yaani mtego wa panya, na kampuni inayobeba jina hilo ingali inatengeneza vifungio hadi leo. Nilipoelezwa maana ya jina hilo nilicheka, kwani nilikumbuka methali yetu kwamba mtego wa panya huingia waliokuwemo na wasiokuwemo. Mimi, mtoto wa nchi ya jua, nilikuwa katika kundi la wasiokuwemo, na bado mtego ulinisubiri.

Siku hizi kiatu cha skii ya nyika huwa na kijiti cha chuma kilicholala kikingama chini ya ncha yake, na kazi ya kifungio ni kukikamata kijiti hicho. Hapa ndipo uchaguzi unapozuka. Kifungio cha kwanza hujifunga. Unalenga kijiti kwenye taya, unakanyaga, unasikia mlio mfupi, na taya imekwisha kubana. Ukitaka kutoka, unabonyeza kitufe kwa ncha ya fimbo yako huku umesimama wima. Kifungio cha pili ni cha mkono. Unainama, unainua kifuniko kwa vidole, unaweka kijiti mahali pake, kisha unakishusha kifuniko hadi kikaze. Ukitaka kutoka, unainama tena. Anayejua tofauti ya gari la gia za mkono na lile la otomatiki atadhani amekwisha kuelewa, lakini mfano huo unaficha jambo moja. Dereva wa gari la otomatiki angali amekaa ndani ya gari lake. Mtu wa skii anaweza kudhani amefungwa ilhali hajafungwa.

Na tulitazame jambo hili kwa jicho la sarufi. Katika sentensi "kifungio kimejifunga", kiambishi -ji- kinarejesha tendo kwa kifungio chenyewe: chuma ndicho mtendaji, na chuma ndicho mtendwa. Mtu hayumo katika sentensi. Katika sentensi "nimejifunga skii", -ji- ileile inanirejelea mimi. Mkono ni wangu, mguu ni wangu, na dhamana pia ni yangu. Si ajabu kwamba Waswahili husema kujifunga kibwebwe kwa maana ya kujitolea katika kazi kwa dhati, kwa kuwa hakuna kibwebwe kinachojifunga chenyewe kiunoni mwa mtu. Hivyo basi, swali la kifungio kipi kilicho bora linatanguliwa na swali jingine: je, nani atakuwa mtendaji wa tendo hili la kufunga?

Kwa muda nilidhani jibu ni moja kwa watu wote. Aliyenionyesha kwamba yako zaidi ya moja ni jirani yangu, ajuza aliyekaribia umri wa miaka themanini. Katika ujana wake alikuwa mwalimu wa kujitolea katika shule moja ya magharibi mwa Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1960, na Kiswahili chake hakikuwa kimemtoka. Siku ya kwanza nilipomwamkia "Shikamoo", aliitikia "Marahaba" kwa sauti iliyojaa furaha, akaniita mjukuu wake. Nami tangu hapo nikamwita Nyanya. Yeye ndiye aliyenifunza kuteleza.

Nyanya alikuwa na maradhi ya baridi yabisi. Vidole vyake vilikuwa vimepinda, na magoti hayakumruhusu kuinama bila kitu cha kushikilia. Skii zake zilikuwa na vifungio vya kujifunga. Nilipomwuliza iwapo haogopi kukiachia chuma kazi ya mkono, aliniangalia kwa muda kabla ya kujibu.

"Mjukuu wangu," akasema, "hiki chuma ndicho mkono wangu. Siku nitakayoshindwa kujifunga, ndiyo siku nitakayofungwa."

Sina hakika kama alikusudia kucheza na kauli za vitenzi, lakini mhadhiri wangu wa mofolojia angemtunuku alama zote. Kwa kiambishi kimoja tu, kujifunga ni uhuru wa kutoka nje. Kwa kingine, kufungwa ni kukaa dirishani kutwa ukiwatazama wengine wakipita. Kwa mtu wa hali yake, kifungio kinachojifunga hakikuwa anasa wala uvivu. Kilikuwa tofauti kati ya kuwa na majira ya baridi na kuyavumilia tu.

Hata hivyo, chuma nacho kina udhaifu wake. Asubuhi moja tulisimama msituni kunywa chai ya chupa. Baridi ilikuwa imeshuka hadi nyuzi kumi na tano chini ya sufuri. Nyanya alivua skii ili akae juu ya gogo, na alipotaka kuzivaa tena, mguu wa kushoto ulikataa. Alikanyaga mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, mlio haukusikika. Theluji iliyogandamana chini ya ncha ya kiatu ilikuwa imegeuka barafu, na kijiti hakikuweza kufika penye taya. Alijaribu kukigongesha kiatu kwenye gogo, kisha akakwangua kwa ncha ya fimbo, lakini barafu haikubanduka. Ikanibidi nipige magoti, nivue glavu na kuchokoa barafu kwa ufunguo wa nyumba yangu hadi chuma kikaonekana. Nilipomaliza, sikuzihisi ncha za vidole vyangu. Alikanyaga tena, na safari hii mlio ulisikika. Kisha akafanya jambo ambalo nimelishika hadi leo: aliuinua mguu na kuutikisa kwa nguvu kabla ya kuondoka. Hakuuamini mlio peke yake. Yaani aliihakiki kazi ya chuma kwa mguu, kwa kuwa mkono wake haungeweza.

Kifungio cha mkono nacho kina gharama yake. Kwa kawaida ni chepesi kidogo, na mwenye kukifunga huona kwa macho kwamba kijiti kimekaa na kifuniko kimeshuka. Ndiyo maana wengi miongoni mwa washindani, ambao huvaa skii mara moja tu kabla ya mbio, hukipenda. Lakini hukudai uiname, na katika baridi kali mara nyingine hukudai uvue glavu. Kifuniko nacho kinaweza kushikwa na barafu kama taya ya kile kingine. Mzazi mwenye watoto wadogo, anayevua na kuvaa mara kumi kwa saa moja, atakichukia kabla ya adhuhuri.

Lilipofika zamu yangu kuchagua, nilijiuliza maswali matatu. Je, nitavaa na kuvua mara ngapi? Je, mwili wangu unaweza kuinama? Je, nitakuwa mbali na msaada kiasi gani? Nilikuwa na magoti ya kijana, nilipenda kwenda peke yangu kwa saa mbili tatu bila kusimama, na njia nilizozipenda zilikuwa mbali na nyumba za watu. Nikachagua cha mkono. Kwanza, lakini, nilipindua viatu vyangu vya mtumba nikatazama soli, kwa sababu vifungio na viatu ni sharti vifungamane. Viko viatu vya zamani vyenye vijiti viwili, navyo havikubali kila kifungio. Mnunuzi wa mitumba asiyetazama soli huenda akabaki na viatu vizuri visivyo na pa kuingia.

Pengine yuko atakayesema kwamba mambo haya ya theluji hayatuhusu. La hasha! Mwaka wa 1998, kwenye Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi kule Nagano, Japani, Mkenya Philip Boit alishindana katika mbio za kilomita 10. Alimaliza akiwa wa mwisho, nambari 92, naye mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norwe, akamsubiri mstarini ili amkumbatie. Boit alimpa mwanawe jina la Dæhlie, na alirudi kwenye Olimpiki mwaka wa 2002 na 2006. Mwanariadha huyo aliyekulia katika nchi ya wakimbiaji alilazimika kujifunza kukimbia akiwa ameshikwa ncha za vidole tu. Atakayetaka kuisimulia habari yake kwa Kiswahili fasaha atahitaji maneno: kifungio, taya, kijiti, kifuniko, kujifunga. Maneno hayo tunayo. Kifungio na kujifunga tuliyakuta katika kitenzi kimoja na viambishi vyake.

Ndugu msomaji, kwa hayo machache nimetaka kuonyesha kwamba mnyambuliko tunaoukariri darasani ni chombo cha kufikiria, wala si mazoezi ya mtihani pekee. Ulinisaidia kuona kwamba Nyanya na mimi tulichagua vifaa tofauti kwa sababu moja: kila mmoja wetu alitaka kubaki mtendaji wa safari yake. Yeye aliachia chuma tendo la kufunga ili aendelee kutoka nje. Mimi nililishika mwenyewe ili niende mbali nikiwa na hakika. Kabla ya kuagana naye mwezi wa Mei, theluji ikiwa imekwisha kuyeyuka, alinionyesha mahali anapozitundika skii zake ukutani kungojea Desemba. Taya za vifungio alikuwa amezipangusa na kuzikausha mwenyewe, kwa vidole vyake vilevile.