Bima ya Kilebu

Kiswahili kina jina mahususi la mtoto wa mbwa, nalo ni kilebu. Aghalabu wanafunzi hulikariri pamoja na shibli, kitungule na kisuse kwa ajili ya mtihani, kisha wakalisahau kabla wino wa majibu haujakauka. Muuguzi mmoja mzaliwa wa Wundanyi, ambaye sasa anafanya kazi hospitalini huko Luton, Uingereza, alilikumbuka baada ya miaka mingi kwa sababu isiyohusiana na mtihani. Mwanawe wa pekee, mvulana wa miaka kumi, alikuwa amekubaliwa kufuga mbwa, na mama mtu akawa na wiki moja ya kuamua atamkatia kilebu huyo bima ya aina gani.

Huenda msomaji akacheka. Katika vijiji vingi vya Taita, kama kwingineko nchini Kenya, mbwa hulala nje, hula makombo, na hulinda boma kwa ujira huo huo. Akichanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa, yamkini hiyo ndiyo tiba yake ya kwanza na ya mwisho. Muuguzi huyu alilelewa katika hali hiyo wala haionei haya. Lakini nchi aliyohamia ina desturi zake. Nchini England, tangu mwaka wa 2016, sheria inamtaka kila mbwa awe na chipu ya utambulisho chini ya ngozi afikapo umri wa majuma manane. Bima si lazima kisheria. Kinachowasukuma watu kuikata ni gharama. Hospitali za umma zinazomtibu binadamu bila kumdai senti hazina mlango wa mnyama. Lipo shirika la hisani la PDSA, lililoasisiwa na Maria Dickin mwaka wa 1917 katika mtaa wa Whitechapel, London, ili maskini wapate kutibiwa wanyama wao, ila msaada wake una masharti ya kipato, na muuguzi mwenye mshahara hahesabiwi miongoni mwa wahitaji.

Kumkatia mnyama bima si jambo geni kwa Mkenya. Tangu Januari 2010 wafugaji wa Marsabit wameweza kukata bima ya mifugo ambayo fidia yake hutegemea picha za setilaiti zinazopima uhai wa malisho. Hapo hesabu inaeleweka, maana ng'ombe na ngamia ni maziwa, ni karo, ni mahari. Kilebu hana hesabu ya namna hiyo. Bima yake hailindi mali. Inaulinda mfuko wa mwenyewe dhidi ya moyo wake.

Mikataba aliyoletewa ilikuwa ya aina nne. Ya kwanza, iliyokuwa rahisi kuliko zote, ilishughulikia ajali tu. Ya pili ilitibu kila ugonjwa kwa muda wa miezi kumi na miwili, kisha ikaufungia mlango. Ya tatu haikujali muda bali ilitenga kiasi fulani cha fedha kwa kila ugonjwa, kikiisha, kimekwisha. Ya nne iliitwa bima ya maisha, na hapo ndipo muuguzi alipotulia akasoma kwa makini, kwa kuwa jina hilo lina hila. Bima ya maisha haimhakikishii mbwa maisha, wala haimhakikishii mwenyewe bei ile ile. Maana yake ni kuwa kikomo cha fedha hurudishwa upya kila mwaka, maadam mkataba haujakatizwa. Mwenyewe akikosa kuuhuisha mwaka mmoja tu, maradhi yote ambayo mbwa amewahi kuugua huhesabiwa kuwa yalikuwapo kabla ya bima, na karibu kila kampuni hukataa kuyalipia. Mbwa akizeeka, malipo hupanda. Kwa hiyo anayeweka nadhiri ya maisha ni mlipaji.

Bima ya ajali ingemgharimu pauni 9 kwa mwezi. Ile ya maisha, pauni 38, ambazo ni zaidi ya shilingi 6,000 za Kenya. Alipomtajia mama yake kwenye simu, kulipita kimya.

"Mwanangu, huyo mbwa anaumwa nini?"

"Haumwi, mama."

"Sasa unalipia nini?"

Swali hilo lilikuwa zito kuliko hati zote nne. Mama mwenyewe ana shinikizo la damu, na tangu Bima ya Afya ya Jamii ichukue nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, alikuwa hajalipa mchango wake. Kiwango cha chini kabisa cha mchango huo ni shilingi 300 kwa mwezi. Usiku huo huo, kabla ya kutia sahihi ya mbwa, muuguzi alimlipia mama yake mchango wa mwaka mzima. Wapo watakaosema alikuwa akijitoa lawama. Na iwe hivyo, mchango ulilipwa.

Kisha akachagua bima ya maisha. Kilebu alikuwa wa jamii ya Labrador, mbwa wanaojulikana kwa kasoro za nyonga na viwiko, maradhi yasiyokwisha kwa miezi kumi na miwili. Zaidi ya hayo, hakutaka siku moja asimame mbele ya mwanawe akiwa na ankara mkononi, aanze kupima thamani ya mbwa kwa sauti.

Mkataba ulikuwa na kifungu cha kawaida: ugonjwa wowote utakaoonyesha dalili katika siku kumi na nne za mwanzo hautalipiwa, siku hiyo wala baadaye. Siku ya tisa jioni, kilebu alianza kuchechemea mguu wa nyuma wa kulia.

Muuguzi alijua vyema kinachofanywa na maandishi ya daktari. Angesubiri siku sita, mguu ungekuwa ndani ya bima. Akienda kesho, nao uwe ni nyonga, hati ingeutenga mguu huo milele, na pengine wa pili pamoja nao. Mvulana alikuwa ameketi sakafuni, kilebu amemlaza mapajani, akimwuliza mama yake kama inauma.

Asubuhi walikuwa wa kwanza kliniki. Daktari wa mifugo aliukunja mguu taratibu, akaunyoosha, akaukunja tena, kisha akageukia kompyuta yake.

"Alianza kuchechemea lini?"

"Jana," akajibu muuguzi, na daktari akaandika.